Grili mpya ya mkaa inaisha mapema? Angalia kwanza imeliwa wapi

Umenunua grili mpya ya mkaa, umeiwasha mara chache tu, na tayari wavu wa chini umebonyea katikati, ndani ya kifuniko kuna vitu vyeusi vinabanduka, bolti zimeshika kutu na rangi ya nje inachubuka. Neno la kwanza linalomtoka mtu hapo ni "nimepigwa, hii feki". Inawezekana kweli umepigwa, sikatai, kuna grili zinatengenezwa kwa bati jembamba mpaka ukilibonyeza na kidole linarudi nyuma. Ila kabla hujaenda kugombana na aliyekuuzia, subiri grili ipoe kabisa, toa kila kinachotoka, panga chini kwenye boksi kuukuu, alafu kagua kipande kimoja kimoja uone kimeliwa wapi. Pale kilipoliwa ndo panakwambia kimeliwa na nini, manake maadui wa grili ya mkaa ni watatu tu: joto lililozidi, majivu yenye unyevu, na maji. Wote tunamuogopa huyo wa kwanza, wakati anayemaliza grili nyingi ni huyo wa pili, tena anafanya kazi siku ambazo hujawasha hata moto.

Vinavyotisha bure

Kwanza tuondoe vitu ambavyo sio ugonjwa, maana watu wanarudisha grili nzima kwa ajili ya masizi.

Yale magamba meusi ndani ya kifuniko, mara nyingi sio rangi. Kama kifuniko chako ni cha enameli, ujue enameli ni kioo kilichoyeyushwa juu ya bati kwenye joto la digrii 800 hivi za Selsiasi, kioo hakijikunji kikabanduka kama karatasi, kikitoka kinatoka vipande vigumu vyenye ncha. Kinachobanduka pale ni mafuta na moshi vilivyokauka vikaungua vikawa kaboni. Chukua gamba moja ulisage kwa vidole viwili, likigeuka unga mweusi unaochafua vidole basi hayo ni masizi, piga brashi laini wakati kifuniko kina uvuguvugu na mambo yameisha. Gamba likipindika bila kuvunjika na lina upande unaong'aa, hiyo ndo rangi, na rangi inayobanduka upande wa ndani juu ya chakula sio kitu cha kuvumilia, hapo una haki ya kulalamika.

Pili, vyuma vya stenlesi kubadilika kuwa vya njano, kahawia au bluu baada ya moto wa kwanza. Hiyo ni rangi ya joto, sio kutu. Kutu ukiipangusa na kitambaa chenye maji kidogo inaacha alama ya udongo mwekundu, rangi ya joto haitoki hata upanguse vipi.

Tatu, wavu wa makaa kupoteza mng'ao au rangi yake yote siku ya kwanza. Ule mng'ao uliwekwa ili usishike kutu dukani, haukuwekwa kwa ajili ya moto. Ukitoka umetoka, achana nao.

Nne, rangi ya nje kunuka na kulainika kidogo kwenye moto wa kwanza. Rangi za joto kali zinakauka kikweli zikipashwa, kwa hiyo moto wa kwanza unatakiwa uwe mdogo, uende nusu saa au zaidi bila chakula, uongezwe polepole, na usiguse wala usifute kuta mpaka ipoe. Aliyewasha mlima wa mkaa siku ya kwanza akaona malengelenge kwenye rangi, hayo hajaletewa na kiwanda.

Wavu wa chini, ule unaobeba makaa

Hiki ndo kipande kinachoisha mapema kuliko vyote na kwa kweli ndo kazi yake, kipo pale kuungua ili vingine vipone. Swali ni kimeisha kwa kasi gani na kwa staili gani.

Ushike mkononi uuangalie dhidi ya mwanga. Fito za katikati zikiwa nyembamba kuliko za pembeni, na ukizikwangua kwa ncha ya bisibisi zinatoa magamba ya kijivu cheusi, tabaka juu ya tabaka, hilo ni joto. Chuma cha kawaida kikipita digrii 500 na kitu kinaanza kuungua chenyewe, oksijeni inakula uso wake unageuka gamba, ukipoa gamba linabanduka, moto unaofuata unakula uso mpya, ivo ivo mpaka fito ya milimita 5 inabaki 3. Kipimo cha bure: usiku au kwenye giza, sogeza makaa kidogo kwa koleo uangalie fito, ukiona chuma chenyewe kina wekundu hafifu ujue kipo juu ya hizo digrii 500 tayari, na ukiona chekundu kabisa kinang'aa, hapo wavu unakula siku zake haraka haraka. Chuma kikiwa na joto hilo kinakuwa kimelegea vilevile, ndo maana kinabonyea kwa uzito mdogo tu wa makaa.

Sasa kwa nini uwe mwekundu? Watu wanajibu "mkaa mwingi", na ni kweli, ila kuna sababu nyingine ambayo haionekani. Wavu unapozwa na hewa baridi inayoingia toka chini. Majivu ya juzi na jana yakijaa mpaka yakaugusa wavu kwa chini, hewa haipiti, zile fito zinakuwa zimezikwa kwenye moto juu na majivu ya moto chini, hakuna upande wa kupumulia. Grili mbili zinazofanana, mkaa uleule, moja inamwagwa majivu kila mara na nyingine inamwagwa "yakijaa", wavu wa hii ya pili utabonyea mapema, hilo halina mjadala. Acha nafasi ya wazi chini ya wavu kila unapowasha, ukubwa wa vidole vitatu au vinne ukiweza.

Sababu nyingine ni feni na vipulizi. Mkaa ukipulizwa unapita digrii 1000 kirahisi, ndo maana mhunzi anatumia mivukuto. Kupuliza dakika mbili kuamsha moto sio shida, ila anayeacha feni inapuliza muda wote kwenye grili ya bati anaendesha kiwanda cha kuyeyusha, sio grili. Kama moto wako haushiki bila feni muda wote, tatizo ni matundu yaliyoziba au mkaa ulioingia unyevu, tibu hivyo.

Kuna na kosa la kufunga wavu kwa nguvu. Chuma cha kawaida kinatanuka kama milimita 12 kwa kila mita 1 kikipandishwa digrii 1000, maana yake wavu wa nusu mita ukipanda digrii 500 unarefuka milimita 3 hivi. Kama umeubana kwenye kuta, au fundi ameuchomelea pande zote mbili "usicheze", zile milimita 3 lazima ziende mahali, na mahali penyewe ni katikati, unajikunja kama upinde. Wavu mpya ukiuweka lazima ucheze kidogo kushoto kulia. Ukikuta haupo huru, chukua tupa usage ncha zake. Stenlesi ndo inatanuka zaidi, ya kawaida ile isiyoshikwa na sumaku inafika karibu milimita 17 kwa hesabu hiyohiyo, kwa hiyo ukibadilisha wavu wa chuma ukaweka wa stenlesi, uache nafasi kubwa zaidi.

Cha kufanya kila siku ni kuugeuza. Ukimaliza kupika na grili imepoa, geuza wavu juu chini na uzungushe robo, bonyeo la leo linanyooshwa na moto wa kesho. Ukipata wavu wa pili wa bei ya chini uulaze juu ya wa kwanza fito zikikatiza, makaa madogo hayadondoki, uzito unagawanyika, nyavu zote mbili zinakaa muda mrefu. Afu kuna wanaopaka mafuta wavu wa makaa baada ya kila moto, mi naona ni kupoteza mafuta, yataungua dakika ya kwanza. Paka tu kama unaifungia grili miezi.

Majivu, huyu ndo mwenyewe

Majivu makavu hayana neno na chuma. Balaa linaanza yakipata unyevu, na hayahitaji mvua, yananyonya unyevu wa hewani yenyewe usiku. Ndani ya majivu kuna chumvichumvi za potasiamu na kalsiamu ambazo zikikutana na maji zinakuwa maji makali ya kuteleza, yale yale waliyokuwa wanatengenezea sabuni zamani. Ongeza na chumvi iliyodondoka toka kwenye chakula, ongeza mafuta, unapata uji wa kijivu uliokaa kwenye kona ya grili usiku na mchana ukilamba bati.

Ukitaka kumuona huyu adui kwa macho, ingiza kidole (grili ikiwa baridi!) pale bati la pembeni linapokutana na sakafu ya grili, au chini ya zile panga zinazozunguka za kusukumia majivu, au pembeni ya tundu la hewa la chini. Utakuta majivu yaliyoganda kama saruji, yakwangue kwa bisibisi, na chini yake ndo utaona kutu ya machungwa au vishimo vidogo vidogo. Ukikuta kutu yako ipo pale kwenye majivu yaliyoganda na kwingine kote grili ni nzima, kesi imekwisha, hakuna kiwanda hapo.

Trei ya majivu ikiwa ya alumini ndo mbaya zaidi, maana alumini haipatani kabisa na maji makali ya namna hiyo. Haishiki kutu nyekundu, inatoa unga mweupe, uso unakuwa na mabaka na vitundu kama imechomwa na sindano. Wengi wanauona ule unga mweupe wanadhani ni majivu tu yamegandia, wanaacha, siku moja trei inatoboka.

Kwa hiyo ratiba ni hii na haina siri: majivu yatoke kesho yake, sio wikiendi ijayo. Nasema kesho yake na sio usiku ule ule kwa sababu makaa yaliyofunikwa na majivu yanaweza kubaki hai saa nyingi, hata zaidi ya siku nzima, na watu wameunguza nyumba kwa kumwaga "majivu yaliyopoa" kwenye ndoo ya plastiki. Tumia ndoo ya bati yenye mfuniko, iweke mbali na ukuta, juu ya udongo au zege. Baada ya kumwaga, piga brashi kavu kona zote. Usioshe kwa maji kila mara, huo ndo mchezo wenyewe tunaoukimbia. Ikilazimu kuosha, labda mara chache kwa mwaka, osha kweli kweli suuza mpaka ule utelezi uishe, alafu washa mkaa kidogo dakika kumi na tano ikauke mpaka kwenye maungio. Grili iliyooshwa ikaachwa ikauke na upepo inakuwa imeachwa na maji ndani ya mikunjo ya bati, sehemu ambayo huwezi kuifuta.

Bolti, nati na vishikizo

Hapa ndo viwanda vinabana matumizi, nikiri. Grili ina mwili mzuri afu imefungwa na bolti laini zilizopakwa zinki. Zinki inayeyuka kwenye digrii 420 hivi, kwa hiyo bolti iliyo karibu na makaa inapoteza kinga yake moto wa kwanza au wa pili, baada ya hapo ni chuma tupu. Bolti za miguu na meza za pembeni hazina shida maana hazipati joto hilo.

Angalia na nati. Zile zenye kipete cha nailoni ndani, za kujifunga zenyewe, zinafaa miguuni tu. Nailoni inayeyuka kati ya digrii 220 na 260, ukiikuta ukutani mwa grili usawa wa makaa ujue itaachia, na hapo ndo unaona kishikizo kinacheza. Badilisha uweke stenlesi, nati mbili zikibanana, na kabla ya kufunga paka uzi wa bolti grisi ya shaba, ile inayovumilia joto kali, ili siku ukitaka kufungua usilazimike kukata. Isipakwe mahali inapoweza kudondokea chakula.

Baada ya moto wa pili au wa tatu pitia bolti zote kwa spana, chuma kimetanuka na kurudi, zinakuwa zimelegea. Kaza mpaka ishike, basi. Kwenye ukuta wa enameli ukikaza kwa hasira kioo kinapasuka kuzunguka tundu, maji yanaingia chini yake, na utaona pete ya kutu imeizunguka bolti ukadhani bolti ndo mbovu kumbe ni mkono wako. Weka washa pana, ile pete bapa ya bati, kati ya nati na enameli.

Enameli na rangi za kuta

Enameli inakufa kwa mambo mawili, kugongwa na kushtuliwa. Kugongwa tunajua, kifuniko kimedondoka kwenye sakafu, koleo limegonga ukingo. Kushtuliwa ni kumwagia maji ya baridi kwenye bati la moto, bati linasinyaa kwa kasi na kioo hakiwezi kulifuata, kinatoka vipande. Pakishachubuka hapazibiki vizuri nyumbani. Nje unaweza kusugua kutu kwa msasa, ukafuta vumbi, ukapaka rangi ya joto kali tabaka jembamba jembamba, ikakauka, ukaipasha polepole. Soma kopo, iandikwe inavumilia digrii ngapi, isiyofika 500 usiipake karibu na makaa. Ndani usipake rangi yoyote. Ndani ukwangue kutu inayobanduka, upake mafuta ya kupikia kidogo tu kwa kitambaa, uwashe moto mdogo yagande, na ndo hivyo tu.

Rangi ikiwa imechubuka duara moja tu upande mmoja wa ukuta, angalia makaa yanakaa wapi. Yakirundikwa yakagusa ukuta, bati pale linapata joto lote moja kwa moja. Yaweke katikati au kwenye kikapu, yaache nafasi ya kiganja kati yake na ukuta. Na mafuta ya kuwashia yanayomwagwa kwa wingi yanatiririka nje kupitia matundu yanawaka juu ya rangi, ile michirizi ya kuungua inayoshuka toka kwenye matundu inatoka huko. Chimni ya kuwashia mkaa, lile kopo refu lenye mkono, inaondoa shida hiyo yote kwa kutumia karatasi tu.

Matundu ya hewa yakigoma kuzunguka usiyalazimishe na koleo, unapinda vile vipanga na kuanzia hapo hayazibi tena. Kilichoyashika ni mafuta yaliyoganda, subiri grili ipate joto, vaa glovu, yatazunguka yenyewe.

Wavu wa juu

Huu unategemea umetengenezwa na nini, kwa hiyo jua wako ni upi. Wa chuma kizito cheusi cha kumimina utashika kutu usiku mmoja ukiuosha na kuuacha na maji, dawa yake ni mafuta membamba na joto la digrii 200 na kitu kwa saa moja, urudie mara mbili tatu. Membamba nimesema. Ukipaka mengi unapata gundi inayonata, sio ngozi nyeusi kavu. Na usiudondoshe wala usiumwagie maji ukiwa wa moto, unapasuka kabisa.

Wa stenlesi jaribu sumaku. Isiyoshika kwa kawaida ni ile yenye nikeli, inavumilia chumvi na unyevu vizuri. Inayoshika ni ya daraja la chini kidogo, moto inavumilia, ila chumvi itaitia madoa. Sio feki, ni bei tu. Jambo moja la kuangalia: ukiisugua stenlesi na brashi ya waya wa chuma cha kawaida, vipande vidogo vya ule waya vinabaki juu yake, vinashika kutu vyenyewe, unaona wavu wako wa stenlesi una vidoa vya machungwa unalaani muuzaji. Tumia brashi ya stenlesi au kipande cha mbao, na hata brashi yenyewe ikianza kudondosha waya itupe, waya mmoja ukigandia kwenye wavu unaingia kwenye chakula na kisha kwenye koo la mtu.

Wa kupakwa kromu ukianza kubanduka vijigamba vyenye kung'aa, hauna matengenezo. Badilisha.

Kuzima na kufunika

Usizime na maji. Nishasema kuhusu enameli, nishasema kuhusu majivu, maji juu ya makaa yanafanya yote mawili kwa mpigo mmoja, na mvuke unaorudi unaunguza mikono na uso. Funga kifuniko, funga matundu ya juu na ya chini, makaa yanakosa hewa yanakufa, na mkaa uliobaki unautumia tena. Grili isiyo na kifuniko, hamisha makaa kwa koleo kwenye ndoo ya bati yenye mfuniko unaobana.

Kava, hapa watu wengi wanakosea kwa nia njema. Kava likivalishwa grili ina uvuguvugu, unyevu wote unafungiwa ndani, unakuwa jasho, unashuka kwenye majivu. Grili iliyofunikwa vibaya inashika kutu kuliko iliyoachwa wazi chini ya paa. Ipoe kabisa, majivu yatoke, ndo uvalishe, na chini kuwe na upenyo wa hewa. Baada ya mvua ya siku kadhaa livue uangalie ndani, ukikuta matone kwenye kifuniko liache wazi jua liingie. Walio karibu na bahari wawe wakali zaidi, hewa yenye chumvi haihitaji mvua, pangusa nje kwa kitambaa chenye maji safi mara kwa mara kisha kausha.

Mvua ikikukuta unapika usikimbilie kuingiza grili ndani ya nyumba au gereji ili isilowe. Mkaa unaotoka moshi na mkaa usiotoka moshi wote unatoa gesi ya kaboni monoksaidi, haina harufu na inaua watu wakiwa wamelala. Funga kifuniko, funga matundu, iache inyeshewe, kutu tutaisugua kesho.

Lini ni kosa la kiwanda

Ukishakagua yote hayo na majibu hayapatikani, sasa ndo uende kwa muuzaji. Dalili zenye nguvu: kiungo cha kuchomelea kimeachia huku chuma pembeni yake ni kizima, enameli inatoka sehemu ambazo hazijagongwa na haziko karibu na bolti, kutu inatokea chini ya rangi mahali pasipofika moto wala majivu, kifuniko hakijawahi kukaa sawa tangu kinatoka kwenye boksi, rangi ndani inabanduka. Piga picha kabla hujasafisha, moja ya mbali na moja ya karibu yenye rula au sarafu pembeni, piga na picha ya namba ya grili na risiti. Kisha soma karatasi ya waranti kipande kwa kipande, maana kwa kawaida mwili una muda wake, nyavu zina muda wake mfupi, na kutu ya juu juu mara nyingi wameitoa kabisa. Ukienda na neno "grili imeoza" utajibiwa "hukutunza". Ukienda na "kiungo hiki cha mguu wa kushoto kimeachia, chuma pembeni hakina kutu, picha hizi hapa", mazungumzo yanakuwa mengine.

Ukibadilisha wavu wa chini

Usichukue ule ule mwembamba kama kuna mnene unaoingia. Fito ya milimita 6 ni ngumu kupinda karibu mara 5 kuliko ya milimita 4, wakati chuma chake kimezidi mara 2 na robo tu, kwa hiyo tofauti ya bei ni ndogo kuliko tofauti ya maisha. Pima kipenyo cha grili kwa ndani pale wavu unapokaa, toa milimita 5 mpaka 10 za kutanukia, peleka kipimo hicho kwa fundi wa kuchomelea kama dukani hakuna. Mwambie fito zilale juu ya pete ya pembeni ndo zichomelewe, ili uzito wa makaa usikae kwenye chomeo peke yake, na mwambie asitumie waya wa fensi wala nondo iliyopakwa zinki hata kama ipo hapo hapo karakana na ni ya bure, ile zinki kwenye makaa inatoa moshi mweupe na ukiuvuta unapata homa na kutetemeka. Chuma cheusi cha kawaida kinatosha. Ukiufikisha nyumbani, uchome mara moja bila chakula mafuta ya karakana yaishe, angalia kama bado unacheza kushoto kulia ukiwa wa moto, na kama umebana, ukipoa usage ncha tena.